Wimbo wa Mzee Donal kwa Mwendo wa Punk

Jumanne, 4 Machi
Zamu imeisha, kodiani mgongoni, basi hadi mtaa wa Kings Heath. Kila Jumanne pale baani hupigwa muziki wa Kiayalandi, na Mzee Donal, mpiga fidla, ndiye mwalimu wangu. Leo vidole vilinigomea. Kuna jambo sijamwambia. Ule wimbo wake wa polepole alionifundisha nimeupeleka kwenye bendi ya mpwa wangu Kevo, ya punk, ule muziki wa kasi na makelele. Tunaukimbiza kama mwizi sokoni. Jumamosi tunaupiga mbele ya watu.

Jumatano, 5 Machi
Balaa. Nimekutana dukani na Maureen, anayepiga filimbi pale baani. Kumbe wimbo ule Donal aliutunga mwenyewe, akaupiga kwenye mazishi ya mkewe. Wenzake hao, kila wimbo huulizana: umeupata kwa nani? Mimi sikuuliza. Kwetu mkubwa hahojiwi. Adabu yangu imeniponza.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemsihi Kevo tuutoe.

"Zii, Auntie! Hiyo ngoma ndiyo itabamba. Si umcall tu mzee umwambie?"

Rahisi kusema. Nimeshika simu, nimeiweka. Mwoga mimi.

Ijumaa, 7 Machi
Nimempigia. Nimemwambia yote kwa pumzi moja, na pole juu. Kisha akauliza milango ya ukumbi inafunguliwa saa ngapi, akakata. Anakuja kufanya nini? Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 8 Machi
Kabla ya kupiga nilishika maikrofoni, nikasema wimbo nimeupata kwa nani, na nani alitungiwa. Kisha Kevo akalicharaza gitaa, vijana wakaanza kurukaruka na kusukumana. Donal alisimama nyuma kabisa, kofia mkononi. Nilipiga huku nimefumba macho. Nilipofumbua, hayupo.

Nimemuumiza mzee wa watu. Kevo anasema tumebamba. Sitaki kumsikia.

Jumanne, 11 Machi
Nilikaribia kubaki nyumbani. Nikaenda.

Alikuwepo, kwenye kiti chake. Ya Jumamosi hakuyagusia. Alipaka uta wa fidla yake ulimbo, akaniambia nianze wimbo wa mkewe. Nikajikaza nikauliza: polepole au haraka?

"Anza wewe," akasema. "Nitakufuata."

Nikaanza polepole. Mzunguko wa pili akanipita kwa kasi ile ya Jumamosi, mguu ukigonga sakafu, nami nikabaki nyuma nikihangaika kumfikia.