Bang Bun-rye, Mpanga Viatu wa Mlangoni

Mwaka umetimia tangu utuache, mama yetu Bang Bun-rye, na baba ameshikilia tuanze na ungamo lake: siku ile ya matunda ya pea, mpumbavu alikuwa yeye.

Kwa miaka ishirini na miwili ulitunza kanisa letu pale mjini Naju. Ulipiga deki, ulisugua vyoo, ulipika supu ya Jumapili. Watu walipovua viatu na kuingia ibadani ulibaki mlangoni ukigeuza viatu vyao, ncha zitazame nje, ili wazee wavae bila kuyumba. Na soksi iliyotoboka haikukupita: "Shemasi, kidole chako nacho kimekuja kusali?"

Mchungaji Pyo alikuwa na shamba lake la pea. Kila vuli aliwatuma wajane wa kanisa wakamchumie bure, akiuita huo utumishi kwa Bwana. Bi Gap-nyeon, mmoja wao, alipoanguka ngazini akichuma akavunjika nyonga, mchungaji aliuliza kwanza kama pea zimepondeka. Ukawakusanya wajane wote, ukawarudisha makwao, ukamwambia usoni kwamba hawaji tena.

Tuliishi chumba cha nyuma ya kanisa. Baba akaona tutafukuzwa tulale nje. Akaenda kupiga magoti kwa mchungaji, akaapa kwamba kesho yake utachuma wewe.

"Umeahidi mikono ya nani, baba Sun-deok?" ulimuuliza.

Akaenda kuchuma mwenyewe. Siku tatu, mgongo ukagoma, na kufukuzwa tukafukuzwa vilevile. Tulihama na mitungi ya kimchi, kabichi yetu iliyochachushwa, kwenye mkokoteni, theluji ya kwanza ikitudondokea. Ulilia njiani, mama. Tulikuona.

Jumapili iliyofuata ulikuwa mlangoni pale pale, umeinama.

Tunaokukumbuka ni mumeo Ma Chil-bok, wanao Sun-deok na Gwi-nam, mkweo Hyang-ran, wajukuu zako watatu, na Bi Gap-nyeon, ambaye sasa anatembelea mkongojo. Hutatoka mioyoni mwetu siku zote za uhai wetu.

Baba ameomba tufunge kwa ubishi wenu wa Jumapili hiyo, alipokukuta umeshika viatu vya Mchungaji Pyo.

"We mwanamke una wazimu? Pea zake umezigomea, tukatupwa nje, halafu viatu vyake unampangia?"

"Vua vyako kwanza, unaingiza matope. Kule shambani ningekuwa mtumwa wake. Hapa nimeinama mwenyewe, kama Bwana alivyoinama kuosha miguu ya wanafunzi wake."