Maji ya Leonard Yamefika

Matombo,
22 Novemba, 1959

Kaka yangu Alois,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristu. Natumaini wewe, wifi Cecilia na watoto hamjambo huko Dar es Salaam. Hapa mvua zimeanza, na mama yetu bado ananishinda kula ugali. Usicheke mwandiko huu uliochakurwa na kuku. Mwandishi wangu hayupo, nami darasa langu la masista unajua liliishia wapi.

Umeuliza Leonard anakuja lini kuishika kazi uliyomtafutia. Ngoja kwanza nikueleze mpwa wako alichofanya, maana huko hamsikii.

Amelaza mabomba kutoka chemchemi ya ukoo wetu kule juu mpaka kanisani, maili nzima nzima! Tena si ya chuma. Ni ya plastiki, meusi, yanazungushwa kama ukili wa mkeka, wanawake wanapanda nayo mlima kichwani. Mosi, mtani wetu, alimwita Leonard muuza utumbo, akimuuliza nyoka huyo atakula nini. Leonard akamjibu atakula watani. Bwana wa maji, yule wa serikali, alisema mbele ya watu kwamba hajaona mikono hodari kama ile kwa kuunga mabomba. Mikono ya nani? Ya mwanangu! Nililirudia neno hilo kijiji kizima mpaka wakanichoka.

Penye mwamba hapakuchimbika, bomba likalazwa juu ya majani. Leonard alipita nyumba kwa nyumba akiomba mwaka huu watu wasichome mashamba. Wakacheka, bomba gani linaogopa moto? Mama aliitikia, lakini unamjua: shamba lisilochomwa kwake si shamba. Mwezi uliopita alichoma kile kipande chake cha mwambani, akarudi nyumbani kupika kunde.

Leonard aliona moshi, akakimbia kulivuta bomba moto usipande nalo. Kaka, plastiki ikiungua inatiririka kama lami, na ikishika nyama haibanduki. Mosi ndiye aliyembeba mgongoni mpaka hospitali. Wamemkata mkono wa kulia. Wa kushoto umebaki kidole gumba. Ile kazi mpeni mwingine.

Wenzake walimalizia, na Jumapili iliyopita maji yalitoka kwa vigelegele. Mama ameyanywa, anasema maji ya mjukuu wake ni matamu. Anajua bomba liliungua. Yaliyompata Leonard hayajui, na macho yake hayawezi kumfikisha hospitali. Bwana wa maji alipouliza nani kachoma, Leonard alisema hakuona mtu. Kwangu aliomba moja tu, bibi asiambiwe. Basi nimemwambia mama kwamba yuko kwako, ameanza kazi. Kijiji kimenyamaza. Hata Mosi akipita kwa mama anatania mambo mengine.

Sasa mama ananiuliza kila siku mbona Leonard haandiki. Wewe ndiye mjomba, nakuomba umwandikie mama kwa jina la Leonard, nami nitamsomea. Sema kazi ni nzuri, sema anakula vizuri. Sema na huko wanaisifu mikono yake.

Wifi na watoto wape salamu zangu. Nimetoka kumlisha Leonard uji sasa hivi, anasema shikamoo mjomba.

Dada yako,
Veronika