Kwa Devotha, Kuhusu Droni Iliyoanguka Kwenye Kahawa Yangu

Mjukuu wangu Devotha,

Marahaba. Hujaniamkia, najua, lakini nimeitikia hivyo hivyo ili usije ukasema bibi yako ndiye aliyeanza ukimya. Wiki ya tatu hii. Simu yako inaita mpaka inachoka, halafu yule mwanamke wa mtandao ananiambia nijaribu tena baadaye. Huyo nimeshamzoea. Wewe ndiye sikuelewi.

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe na darasa langu la nne. Mama yako alitaka nimtajie maneno yeye aandike, nikakataa, maana angeyalainisha. Na barua hii si ya siri. Ukimaliza kuisoma, wasomee na hao wa ofisini kwako Biharamulo, hasa yule bwana wa kofia, mkubwa wako, aliyekuja hapa Nyakisasa na gari jeupe kuangalia droni yako ikiruka. Msomee polepole.

Mama yako ameniambia bwana huyo anataka uweke sahihi kwenye ripoti. Ripoti inasema droni ilianguka kwa sababu hesabu zako hazina maana, na kwamba kuanzia sasa watakuwa wanabadilisha namba kwa kubahatisha mpaka chombo kitulie. Ameniambia pia kwamba umekubali, na ukishaweka sahihi unaacha kazi. Usiweke. Kalamu iweke chini kwanza, usome mpaka mwisho.

Unakumbuka zile siku ulizokaa barazani kwangu kabla ya droni kuruka? Mimi napukuchua maharage, wewe unajaza daftari. Unapanga namba kwa mistari, unazidisha mshazari, unatoa, unagawanya, unapata namba nyingine unaishusha chini. Siku ya kwanza nilinyamaza. Siku ya pili nikashindwa.

“Unahesabu nini, mwanamke wewe, tangu asubuhi?”

“Napima kama itatulia, Bibi.”

“Si uirushe uone?”

“Nikiirusha bila kupima itanivunjikia. Hapa karatasini hata ikianguka haivunjiki kitu.”

Ukanisogezea daftari kana kwamba mimi ni mwalimu wa kusahihisha. Ukasema nitazame safu ya kwanza tu, ile ya kushoto kabisa. Namba zake zote zikiwa chanya, droni ikisukumwa na upepo itayumba kidogo, kisha itatulia. Ikitokea hata moja yenye alama ya kutoa, itayumba, itazidi kuyumba, mpaka ije chini. Nikakuuliza hizo safu nyingine za kazi gani kama huziangalii. Ukasema zinasaidia kuzipata za safu ya kwanza. Nikasema kumbe ni kama mashemeji wa bibi harusi, wengi, wamependeza, na hakuna anayewatazama. Ulicheka mpaka ukapaka wino ukurasa mzima.

Mimi sikucheka sana. Nilikuwa nakushuku wewe na karatasi yako pamoja. Karatasi imenunuliwa dukani. Haijawahi kuona upepo wetu unavyopanda kutoka bondeni saa nne asubuhi. Itajuaje kitu ambacho hakijatokea? Watu wanaojua mambo ambayo hayajatokea nawafahamu, na Padri ametukataza kwenda kwao.

Uliuona uso wangu ukajaribu njia nyingine. “Bibi, unanikumbuka mimi na ndoo?”

Nisikumbuke vipi? Ulikuwa na miaka saba. Nilikusokotea ingata ya majani makavu ya mgomba, nikakuwekea kichwani, na juu yake ndoo ndogo ya maji. Ndoo ikiinama kulia, na wewe unaikimbilia kulia kwa shingo na mabega yote. Inapitiliza kushoto, unaikimbilia kushoto. Ulifika nyumbani na maji robo, mengine yote umeyavaa. Nikakufokea, “Shingo isishindane na ndoo! Isindikize tu!”

Basi ukaniambia ndani ya droni kuna kidhibiti, na kazi yake ni ya shingo. Chombo kikiinama, kidhibiti kinakirudisha. Kikirudisha kwa pupa kinapitiliza, na kila mara kinapitiliza zaidi. Kikiwa kivivu, chombo kinaanguka kabla hakijasaidiwa. Jedwali, yaani zile safu zako za daftarini, linakuonyesha mipaka ya hiyo pupa, isipungue hapa, isizidi pale, nawe unachagua namba iliyo katikati.

“Mimi nilikufundisha hayo bila jedwali,” nikasema.

“Ulinifundisha kwa fimbo ya mhogo, Bibi.”

“Ukajua au hukujua?”

“Nikajua.”

“Haya basi.”

Siku ile nilikupenda mno, lakini sikukwambia, na droni nikaendelea kuishuku. Pale tumboni ina kijicho cha kioo. Wanawake wenzangu wa jumuiya walishasema kijicho hicho kimekuja kupiga picha mashamba yetu ili yagawiwe watu wengine. Wewe ulisema ni cha kuonea mahali pa kutua. Nilikiinamia nikakitazama, nacho kikanitazama. Na huyo bwana wa kofia, nilipompa kiti alikifuta kwanza kwa kitambaa. Kiti changu! Mtu anayefuta kiti cha mwenyeji wake simwamini hata akisema leo ni Jumatatu.

Sasa naingia kwenye lile linalonifanya niandike.

Asubuhi ile droni ulikuwa umeiweka juu ya mkeka uani kwangu. Chini yake lilikuwepo lile sanduku la mzigo, ambalo siku moja litapeleka dawa zahanati wakati mvua imekata barabara. Ndani ulikuwa umepanga pakiti za chumvi badala ya dawa. Ulizipima kwenye mizani, ukaandika uzito kwenye daftari, ukazibana kwa sponji zisitikisike, ukafunga. Kisha gari jeupe likapiga honi, ukaenda kumpokea mkubwa wako njiani.

Nikabaki mimi na hicho kidude.

Nilikuwa na maji ya baraka ya Pasaka kwenye chupa ya plastiki ya soda. Yalikuwa yamebaki nusu, nusu nyingine niliinyunyizia yule ng'ombe aliyekuwa anampiga teke ndama wake. Nilifungua sanduku lako. Chupa haikuingia. Nikaitoa sponji, chupa ikaingia. Niliona kabisa kwamba sasa inacheza, na pakiti za chumvi nazo zinacheza. Nikasema Mungu anajua. Nikafunga kifuniko kama nilivyokikuta, sponji nikaificha ndani ya kitenge.

Devotha, sikutaka ianguke. Watu wote walikuwa wanakuja kukutazama wewe, mtoto niliyemlea, na karatasi yako mimi sikuiamini. Nikaongeza kitu ninachokiamini. Ndivyo ilivyokuwa, hakuna zaidi.

Ulirudi ukakagua zile panga zake zinazozunguka, betri, ukagusa kifuniko ukakuta kimefungwa. Ukairusha. Ilipanda vizuri, ikapita migomba, ikasimama hewani, wanawake wakapiga vigelegele. Halafu ikaanza. Kulia kidogo. Kushoto zaidi ya hapo. Kulia zaidi tena. Nilikuona umeshika kile kiongozeo kwa mikono miwili, midomo yako inasema tulia, tulia. Ni sawasawa na wewe na ndoo, isipokuwa safari hii shingo haikuwa yako. Ikalala upande mmoja, ikaingia kwenye kahawa yangu na kuvunja matawi.

Watu wanasifu mpaka leo nilivyokimbia kwa umri huu. “Mama huyu anampenda mjukuu wake!” Nilikuwa naikimbilia chupa. Sanduku lilikuwa limepasuka, chupa imelala kwenye majani, nzima. Niliifunika kwa kitenge kabla hujafika.

Yule bwana hakuuliza lolote. Alipiga picha kwa simu yake, akasema, “Haya ndiyo matokeo ya makaratasi,” akapanda gari. Wewe ulirudi barazani na daftari. Ulihesabu upya mara tatu, na mara zote tatu safu ya kwanza ikatoka chanya tupu. Ukaniambia, “Bibi, karatasi inasema itatulia. Haikutulia. Basi mimi hesabu sijui.” Chupa ilikuwa imenibana mbavuni. Nami nikakujibu nini? Nikakujibu, “Si nilikwambia?”

Ungekuwa umenitukana ningelala vizuri kuliko hivi.

Nilikwenda kuungama. Padri akaniuliza, “Uliiba, mama?” Nikamwambia sikuiba, Padri, niliongeza. Alikohoa, nadhani alikuwa anajizuia kucheka, na mimi nyumba ya Mungu sikuizoea kwa kuchekwa. Kisha akasema dhambi ameisikia, lakini mtu aliyeumia hayupo kwenye kile kiti cha maungamo, nimtafute. Nikakupigia, hukupokea. Ndiyo maana unasoma.

Kwa hiyo nasema mbele ya ofisi yako yote. Hesabu za Devotha hazikukosea. Alipima droni yenye chumvi iliyobanwa. Iliyoruka ni droni nyingine, yenye chumvi inayozurura na chupa ya maji nusu, na hiyo niliitengeneza mimi. Sponji ninayo. Nampa kondakta wa basi pamoja na barua hii, mkaipime na sanduku wenyewe msije mkasema bibi kizee anamtetea mtoto wake.

Na wewe bwana wa kofia, kama unasikiliza, fikiri kidogo. Ungezungusha namba zako kwa kubahatisha mpaka droni itulie na chupa yangu ndani. Kesho yake chupa haipo. Hapo ingemwangukia nani? Ulikuwa na haraka ya kupata jibu, na mtu mwenye haraka hiyo huwa namwangalia mara mbili.

Sasa Devotha, usianze kufurahi. Sijamaliza na wewe.

Ulikagua karatasi mara tatu, sanduku hukulifungua hata mara moja. Uliacha chombo chako na mtu aliyekwambia kwa kinywa chake kwamba hakiamini. Ungekuwa mjinga ningekusamehe, lakini ada yako ya shule nimeilimia kahawa hiyo hiyo uliyoiangukia.

La pili ni kubwa zaidi. Kwa nini chumvi? Wagonjwa hawatumiwi chumvi. Dawa ya mtoto ni ya maji. Damu ni ya maji. Chupa itakuwa imejaa leo, kesho nusu, na muuguzi wa zahanati ya kule Kibimba ataifunga kwa haraka kwa sababu nje mtu analia. Mwingine atatoa sponji ili aingize dripu ya pili. Mwingine ataweka barua ya mchumba wake. Mwingine atafanya kama mimi. Jedwali lako linamjua mtu aliyekaa mezani na mizani yake. Sisi wengine halitujui, na ndio tutakaofungua hilo sanduku kila siku. Weka chupa nusu humo ndani, Devotha. Weka na mzigo unaocheza. Halafu ndipo uitazame hiyo safu yako ya kwanza uniambie kama bado ni chanya. Ikiwa si chanya, hapo utakuwa umejua kitu, na hakuna aliyeumia.

Hilo nimelifikiria mwenyewe, palizi nzima. Sikulisoma mahali.

Usidhani basi nimeliamini jedwali. Bado naliangalia kwa jicho la pembeni, na kijicho cha kioo vilevile. Lakini nimejua lilisema kweli juu ya kile ulicholiuliza. Hata binadamu ninaoweza kuwasifu hivyo hawafiki watano.

Jumapili iliyopita, baada ya matangazo, niliomba nafasi nikasimama mbele ya kanisa zima nikayasema haya yote. Wanawake wenzangu wamenipa jina, sitaliandika hapa. Mwenyekiti wa kitongoji akaniuliza kama sasa kijiji kiufunge ule uwanja kilioutenga, droni zisitue tena. Nikamwambia kwani droni imemfanya nini? Uwanja ubaki wazi, atakayefungiwa nje yake ni mimi. Wakakubali, tena kwa haraka kuliko nilivyopenda.

Ofisi ikitaka ripoti, wewe ndiye uiandike, usiandikiwe. Mahali pa sababu usiweke “hitilafu”, wala usiweke “mtu mmoja wa kijijini”. Andika jina langu kamili, na kazi yangu, mkulima. Chini yake andika nilichokiweka na nilichokitoa. Wakikuuliza una uhakika gani, waambie mwenyewe amekiri, yuko hai, anaongea, na atakuja Biharamulo akiitwa. Kiti wamfutie wao.

Mimi niliyekuharibia,
Bibi yako mzaa mama, Leokadia