Mbao Thelathini na Tisa

Unguja, Malindi
3 Rajabu 1302

Kwa mjomba wangu mpenzi, Maalim Dadi bin Mohamedi, Mola amrefushie umri na amtulizie kifua.

Mjomba, nashika miguu yako nikiwa ng'ambo hii ya maji. Sisi sote ni wazima. Mke wangu amepona homa, na watoto wanakula kuliko wanavyosoma. Je, kikohozi chako kimepungua? Na Bi Tabia, magoti yake yanamruhusu kwenda kisimani? Nangoja majibu ya heri.

Baada ya hayo, nina neno zito. Ijumaa iliyopita wazee wa ukoo walikutana barazani kwangu kuizungumza nyumba ya wakfu ya marehemu mama yangu, dada yako Mize. Unajua alivyoandikisha: nyumba ile ya Bagamoyo iwe chuo cha Kurani maadamu watoto wanasoma humo, nami niwe msimamizi. Sasa wapo wanaosema kwamba chuo chako kimebaki mikeka mitupu. Wanataka nyumba iuzwe na wakfu uhamishiwe huku kwa mwalimu mmoja wa mtaa wa Ng'ambo, ambaye watoto wake wamejaa hata kizingitini, na kila mwaka anahitimisha kumi na mmoja.

Basi niandikie upesi: wanafunzi ni wangapi, wana umri gani, ni watoto wa nani, na wangapi wamehitimu katika miaka hii mitatu. Nakusihi, mjomba, usiniandikie hutuba ya Ijumaa. Niandikie hesabu.

Ni mimi, mpwa wako,
Ausi

———

Bagamoyo
14 Rajabu 1302

Kwa mwanangu Ausi, tunda la dada yangu, amani na rehema zimfunike yeye na waliomo nyumbani mwake.

Marahaba, mwanangu, marahaba tena. Kifua changu kinakohoa alfajiri na kunyamaza adhuhuri, nami namshukuru Mola kwa adhuhuri. Bi Tabia anakusalimu. Anasema magoti yake ni mazima. Ni kisima ndicho kilichosogea mbali.

Umeniomba hesabu, nami sitaipamba. Wanafunzi wangu ni sitini na watatu. Mdogo wao ana miaka sita, na mkubwa ameota ndevu. Wamo watoto wa wenyeji wa mji, wa wavuvi wa Kaole, na wa wakulima wa Kizaramo wanaotoka Mapinga, ambao hulala kwa jamaa zao hapa siku za masomo. Wamo watoto wa wapagazi wa Kinyamwezi ambao babu zao hawakuijua kibla. Watoto wa watumwa hukaa mkeka mmoja na watoto wa mabwana zao, maana sikuona katika Kitabu mikeka miwili. Wasichana wako upande wa pazia, na Bi Tabia ndiye mwalimu wao. Yumo Rubab, binti wa Rajabali mwenye duka la nguo. Babaye ana msikiti wake na njia yake, lakini aliniambia, "Maalim, herufi ni zilezile."

Msomaji wao mkali ni Ashatu, mtoto wa mchemsha chumvi, mwenye miaka kumi na ulimi wa miaka arobaini. Juzi nilisinzia kidogo wakati wa kurudia masomo, nikamsikia nyuma ya pazia akisema, "Someni polepole, mtamwamsha Maalim, kisha atatuongezea aya."

Waliohitimu katika miaka mitatu ni wanne. Najua ni wachache. Simhitimishi mtoto ili wazazi wake wapate karamu na mimi nipate kanzu. Nafungua msahafu popote, nasoma nusu ya aya, naye anatimiza iliyobaki. Asiyeweza, hurudi mkekani. Na wengi huchukuliwa na baba zao kwenda bara kabla ya kufika mwisho.

Hiyo ndiyo hali yetu, bila kuongeza wala kupunguza.

Mjomba wako,
Dadi

———

Unguja, Malindi
1 Shaabani 1302

Kwa mjomba wangu niliyemtanguliza kwa heshima, salamu na dua njema.

Nashika miguu yako. Watoto wazima, ila Mina ameng'oka jino na anadai alipwe. Natumaini nanyi mu katika afya.

Mjomba, barua yako niliisoma mbele ya wazee, na kwa sitini na watatu niliinua kichwa. Lakini binamu yangu Pazi alikuwa Bagamoyo wiki ile kwa shughuli zake, na bila kuagizwa nami alipita chuoni Jumatatu asubuhi. Alisimama dirishani, akahesabu mara mbili. Waliokaa walikuwa ishirini na wanne, pamoja na wa upande wa pazia.

Alipoyasema hayo wazee walinigeukia. Kisha mmoja akanena, "Mwalimu anazidisha watoto kama muuza samaki anavyozidisha samaki." Nikasimama nikajibu, "Mjomba wangu hakunifundisha uongo, na hakuuficha akautumia mwenyewe." Wakaniambia niketi. Nikaketi.

Wengine thelathini na tisa wako wapi? Niambie lolote, mjomba, nitalibeba. Lakini niambie.

Mpwa wako anayekupenda,
Ausi

———

Bagamoyo
9 Shaabani 1302

Kwa mwanangu Ausi, aliyesimama kwa ajili yangu, Mola amsimamie siku watu watakaposimama wote.

Sisi wazima, alhamdulillahi. Mwambie Mina jino hulipwa kwa jino jipya.

Mwanangu, Pazi hakukosea, nami sikusema uongo. Tulihesabu vitu viwili. Yeye alihesabu watoto, mimi nilihesabu mbao.

Unaijua kanuni ya chuo chetu, kwani ulikulia humo. Mtoto huandika somo lake ubaoni kwa kalamu ya unyasi na wino wa masizi. Akilisoma mbele yangu kwa moyo, hapo huosha ubao na kuandika jingine. Somo lisilosomwa halioshwi. Basi baba anapofunga mizigo ya safari ya bara na kumchukua mwanawe, mtoto hutundika ubao wake ukutani na somo lake juu yake, ili aje alimalize. Mbao hizo ni thelathini na tisa. Katika moyo wangu sikumpa hata mmoja ruhusa ya kuondoka, na uliponiuliza wanafunzi wangu ni wangapi, niliinua macho ukutani nikawahesabu nao pamoja na waliokaa. Sikujua kwamba nimekosea mpaka nilipopata waraka wako.

Upo ubao wa Rehani wa Kaole, aliyekwenda Unyanyembe na babaye, huu mwaka wa tisa. Aliacha katikati ya Suratul-Mulk. Herufi zake ni nene, kama miguu yake ilivyokuwa.

Nilimsomea Bi Tabia barua yako nikidhani atanitetea. Akaweka ungo chini. Akasema, "Mume wangu, wasiokuwapo wana mbao, na waliopo wanaandikia mifupa ya bega la ng'ombe. Juzi umemrudisha Dija na ndugu zake wawili mlangoni kwa kuwa huna cha kuwapa. Uaminifu huo ni kwa nani?"

Nikamwambia, "Ni amana, mama."

Akaniambia, "Na Dija si amana?"

Tangu siku hiyo nalala nikiwa na jambo hili, naamka nalo. Kuosha ubao wa Rehani naona ni kama kumsalia maiti ambaye sijaambiwa kwamba amekufa. Wewe ni mtoto kwangu, lakini leo mimi ndiye ninayekuuliza: nifanyeje?

Mjomba wako,
Dadi

———

Unguja, Malindi
20 Shaabani 1302

Kwa mjomba wangu, ambaye sikupata kumwona akiuliza, salamu za mtoto kwa mzazi.

Nashika miguu yako, na leo naishika kwa muda mrefu zaidi. Sote wazima.

Niliwaeleza wazee habari ya mbao. Walicheka, isipokuwa mzee mmoja, mkubwa wao, ambaye mwanawe alikwenda Manyema na hajarudi. Yeye aliuliza tu, "Wino haujafutika kwa miaka tisa?" Nikasema haujafutika. Akatazama vidole vyake.

Hata hivyo, hukumu imekatwa, nami sikuweza kuizuia. Tarehe ishirini ya Mfunguo Mosi, Idi ikishapita, Pazi atakuja kuhesabu vichwa, si mbao. Wakitimia arobaini, nyumba ni yako na chuo chako. Wakipungua arobaini, nyumba itauzwa.

Umeniuliza ufanyeje. Nilikuwa na miaka minane uliponikataza kumwambia mkubwa la kufanya. Basi nakuomba, sikuambii: zioshe, mjomba. Ukuta ule ulikuwa wa mama, nami naona angetaka watoto wakae chini yake.

Ramadhani njema. Usisahau kunitaja katika dua za kumi la mwisho.

Mpwa wako,
Ausi

———

Bagamoyo
22 Mfunguo Mosi 1302

Kwa mwanangu Ausi, Mola apokee saumu yake na Idi yake.

Afya ipo. Kifua kilinisumbua mwezi mzima, lakini tarawehe haikunipita hata usiku mmoja.

Nisikilize kwa utaratibu, kwani nataka habari uipate kwangu kabla ya Pazi kuvuka.

Mbao nimeziosha. Sikuweza kuziosha na masomo yake hayajasomwa, basi nilifanya hivi: kila siku ya Ramadhani niliteremsha ubao mmoja au mbao mbili, nikampa mtoto aliyepo, akajifunza somo la asiyekuwapo, akalisoma mbele yangu kwa moyo. Lilipokwisha kusomwa, nilimtaja mwenyewe kwa jina lake na jina la baba yake, nikaosha. Maji tuliyamwaga nyuma ya nyumba, pasipopita miguu. Ubao wa Rehani niliuweka wa mwisho, na Ashatu ndiye aliyeusoma. Alipomaliza akauliza, "Maalim, huyu Rehani alikuwa mvivu? Ameacha palipo patamu." Nikacheka, Ausi, na machozi yalikuwa karibu.

Kisha nikatuma neno kwa kila mzazi niliyemrudishia mtoto. Wakaja kumi na wanne, Dija na ndugu zake wakitangulia.

Siku ya hesabu Pazi alifika asubuhi na karatasi yake. Niliingia, nikaona watoto wamekaa hata kizingitini. Akahesabu, akaandika: hamsini na saba. Akanitazama kwa furaha. Mimi nilikuwa nawatazama wao, kwa maana nyuso nyingine sikuzijua.

Nikaita, "Ashatu!"

"Labeka, Maalim."

"Hawa ni nani?"

"Wageni wa Mwenyezi Mungu, Maalim."

"Wametoka wapi, wageni hawa?"

Kisha nyuma ya pazia, polepole, "Chuo cha mtaa wa pili. Niliwaahidi tende. Lakini wanajua kusoma, Maalim! Wajaribu!"

Pazi akanivuta kando. Yeye ni mtu mwema kuliko nilivyodhani. Akaninong'oneza, "Mjomba, mimi nimetumwa kuhesabu vichwa. Vichwa ni hamsini na saba. Wewe nyamaza tu, nami nitaacha nilivyoandika."

Nikamwambia, "Vichwa ni hivyo, baba. Wanafunzi ni thelathini na wanane. Toa kumi na tisa."

"Thelathini na wanane ni pungufu ya arobaini!"

"Kwa wawili. Hesabu naijua."

Akachukua kalamu yake. Kisha akafuta, akaandika nilivyosema. Wageni niliwapa tende zao, kwa kuwa waliahidiwa, nikawarudisha kwa mwalimu wao na maombi ya radhi. Ashatu alilia siku nzima. Nilimwambia sikumkasirikia, na ni kweli, lakini hakuniamini.

Bi Tabia amekwisha kuzungumza na kaka yake wa Kaole, naye ametupa baraza yake. Ni nyembamba, lakini upepo wake ni mzuri. Mikeka tunaikunja Jumamosi ya kwanza ya Mfunguo Pili. Wewe usigombane na wazee kwa ajili yangu. Ulisimama mara moja, inatosha.

Mjomba wako,
Dadi

———

Unguja, Malindi
29 Mfunguo Mosi 1302

Kwa mjomba wangu na baba yangu, Maalim Dadi, salamu zisizo na idadi.

Nashika miguu yako. Usikunje mikeka! Nimemlipa mbebaji wa barua hii akupe mkononi kabla ya Jumamosi, hata kama uko katikati ya sala akusubiri mlangoni.

Pazi alisoma karatasi yake mbele ya wazee: thelathini na wanane. Yule aliyekufananisha na muuza samaki akasema, "Basi, yamekwisha." Lakini mzee wetu mkubwa aliona mahali palipofutwa. Akauliza, "Hapa palikuwa na nini?" Pazi akajibu, "Hamsini na saba." "Ni nani aliyepunguza?" "Yeye mwenyewe." Pazi akawasimulia yote, hata tende.

Mzee akamrudishia Pazi karatasi. Kisha akanena, "Tulimshitaki kwa kuzidisha. Leo amepunguza mbele ya shahidi, na anajua inamgharimu nyumba. Mtu huyo alipotuandikia sitini na watatu, aliwaona sitini na watatu. Mimi mkono wangu hautauza nyumba yake." Akamgeukia muuza samaki wetu: "Na wa kwako?" Naye akasema, kwa sauti ndogo, "Wala wangu."

Nyumba inabaki chuo, mjomba. Hati mpya imeandikwa, na mashahidi wametia mikono yao. Wameweka sharti moja tu: tangu leo hesabu ya wanafunzi ishikwe na Bi Tabia. Wewe usomeshe.

Mpwa wako, ambaye leo amelia barazani mbele za watu wala hakuona haya,
Ausi

———

Bagamoyo
17 Mfunguo Pili 1302

Kwa mwanangu Ausi, Mola amlipe kwa kila hatua, na awalipe wazee wetu, na yule wa muuza samaki pia.

Sote wazima. Ashatu amenyamaza kulia na ameanza tena kunisumbua, basi jua kwamba chuo kina afya.

Sharti la wazee tumelipokea kwa utii. Leo Bi Tabia amehesabu kwa ajili ya barua hii, mara moja, bila kuinua macho ukutani: wanafunzi ni arobaini na sita, wanane wakiwa wapya. Nami nilikuwa nimehesabu kimya kimya, nikapata arobaini na saba. Nikamwambia, "Mama, umemwacha mmoja."

Akasema, "Sikumwacha mtu. Umejihesabu na wewe."

Nikafikiri, nikaona ni kweli. Nikamwambia, "Lakini mimi nami bado nasoma."

"Basi shuka hapo kitini," akasema, "ukae mkekani na wenzako."

Nakuandikia kutoka mkekani.

Mjomba wako,
Dadi