Panda, Mama

Jumatatu, 8 Septemba
Nimefunga vidonda, nimepima malaria, kisha mbio kwenye mafunzo. Wauguzi tumeitwa kwa sababu ya habari za vita vya mashariki. Mada: gesi za vita. Mkufunzi ni ajida wa jeshi, mtu mnene mwenye sauti ndogo. Anasema gesi moja inanuka kitunguu saumu, malengelenge yanatoka baada ya saa nyingi, mgonjwa keshasahau alikopita. Nyingine inanuka majani yaliyofyekwa. Nyingine unaweza usiinuse kabisa: mboni za macho zinakuwa nukta, mate yanamwagika, pumzi inakata. Nimeogopa. Gesi yenyewe hata sijaiona.

Jumanne, 9 Septemba
Leo klorini. Mimi nilijua ni ya kusafisha maji tu. Kumbe ilikuwa silaha kabla wazazi wetu hawajazaliwa. Inanuka javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo. Ni nzito kuliko hewa, inashuka, inakaa mashimoni na mabondeni. Sisi tuliokulia milio ya risasi tumezoea kulala chini. Kwa gesi, anayelala chini anaifuata. Tazama moshi wa jiko uone upepo unakokwenda, usikimbilie huko. Panda juu. Vua nguo, jimwagie maji mengi.

Alhamisi, 11 Septemba
Nimepewa mtaa wetu hapa Kikula, mjini Likasi, niwafundishe watu. Nimeandika karatasi kwa wino mwekundu: JAVELI BILA KUFUA? PANDA! Nimebandika kisimani, kanisani, kwa muuza makala, mkaa wa jikoni. Watu wanacheka. Wanauliza kama vichuguu vya nyuma ya nyumba vinatosha. Vinatosha, vya kwetu vinapita mapaa. Leo nimejiona mtu wa maana.

Jumapili, 14 Septemba
Baada ya misa, nyumbani. Mama anachambua mboga za lengalenga. Anasema wiki hii atampelekea mdogo wake Veronika, kule Panda, komini ya jirani, ng'ambo ya mto. Nilitaka kumweleza habari za gesi, nimeshindwa. Mapafu yake ni mabovu tangu alipokuwa akiponda mawe ya madini Kambove, na vita alishavikimbia mara mbili. Nikimtajia hatalala. Kusoma hajui, karatasi yangu kwake ni pambo la ukuta. Nimewafundisha majirani wote, yeye bado. Mganga hajigangi. Nitamweleza wiki ijayo.

Jumatano, 17 Septemba
Lori la mitungi ya klorini limepinduka mchana, juu kidogo ya mtaa wetu. Mtungi umepasuka. Nilikuwa kazini dispensari. Nikampigia mama. Kelele barabarani, simu inakatakata. Nilipaza sauti: "Mama, kuko gaz! Panda! Panda sasa!"

"Sawa, minaenda."

Ikakatika.

Minaenda. Mtu wa kupanda kichuguu hasemi anaenda. Nilisimama na simu mkononi mpaka nikaelewa. Panda. Kwa Veronika. Njia ya Panda inashuka hadi darajani kabla ya kupanda tena, na upepo ulikuwa unaelekea huko huko.

Nimepiga tena na tena, haipokelewi. Wagonjwa wameingia, nimewavua, nimewamwagia maji, kila anayetokea mlangoni namtazama uso. Siyo yeye. Nimemuua mama yangu kwa neno moja. Nimeliandika mwenyewe, kwa wino mwekundu.

Alhamisi, 18 Septemba
Yuko hai.

Alikuwa ameketi darajani, kitenge puani, kikapu cha lengalenga mapajani, hawezi kusimama. Mwendesha pikipiki mmoja alikuwa amesoma karatasi yangu kwa muuza makala. Alimbeba mpaka juu mlimani, akamvua nguo za juu mbele za watu, akammwagia ndoo mbili za maji. Mama amekasirikia kuvuliwa kuliko gesi. Ana mpira wa oksijeni. Daktari anasema tusifurahi haraka, mapafu yanaweza kujaa maji hata leo. Nahesabu pumzi zake. Nikipoteza hesabu naanza upya.

Jumamosi, 20 Septemba
Mapafu hayakujaa. Leo amesema neno la kwanza kwangu.

"Weye ulisema Panda. Minye nilienda Panda."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira. Nimelia kwenye choo cha wauguzi.

Jumatatu, 22 Septemba
Nimebandua karatasi zote. Muuza makala hakutaka kutoa yake, anasema imeokoa mtu. Nimemwambia ni neno hilo hilo lililomponza mama. Nimeandika nyingine: ENDA JUU YA KICHUGUU. Ajida amepiga simu kuuliza neno la kwanza lilikuwa na kosa gani. Yeye si mtu wa Likasi.

Jumapili, 28 Septemba
Mama amerudi nyumbani. Pumzi fupi, na daktari anasema itabaki hivyo. Asubuhi nimechukua jembe nikachonga ngazi kwenye kichuguu chetu. Nimemweleza yote, moshi, upepo, harufu. Nilichopaswa kumweleza siku ile ya lengalenga. Amesikiliza bila kunikatiza. Kisha akataka kujaribu. Nimemshika kiwiko. Ngazi ya nne akapumzika, ya sita tena. Juu ameketi, akauliza kama Panda inaonekana. Mabati yanaonekana.

Akasema Veronika bado anangoja lengalenga zake.