Mikono Iko Bungu

Jumanne, 14 Mei
Zahanati nimefunga saa tisa. Semina saa kumi. Nimekaa chumba cha chanjo, kompyuta juu ya meza ya kupimia watoto. Nimeingia kwenye roboti la chuo kule Dar: mlingoti, magurudumu, kioo chenye uso wangu. Naliendesha kwa vidole kutoka hapa Bungu. Wenzangu wa uzamili wameketi, mimi nimesimama muda wote. Limekwama kwenye zulia mara mbili. Neema, mmoja wao, kalisukuma. Aibu. Dk. Mbwana, msimamizi wangu, kasema sura ya tatu ya tasnifu yangu haijakaa sawa. Kweli tupu.

Jumapili, 19 Mei
Sura nimeiandika upya, nimemtumia Dk. Mbwana. Kajibu: "Jumanne wahi, tuipitie kabla ya wenzako." Nimefurahi mno.

Jumanne, 21 Mei
Tulikuwa wawili tu, yeye na roboti. Akashika kifua. Akasema, "Zuhura, subiri kidogo." Akaanguka kati ya meza na ukuta.

Mimi ni muuguzi. Miaka kumi na moja. Najua pa kuweka viganja. Nikaliendesha mpaka miguuni pake, basi. Halina mikono. Nikaenda mlangoni. Umefungwa. Nikaugonga kwa kioo. Nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Neema hapokei. Ofisi ya idara hawapokei. Nikarudi kwake, nikamsomea La ilaha illallah, polepole, kama ninavyowasomea wagonjwa hapa.

Mtandao ukakatika.

Uliporudi, watu wamejaa. Mtu akalisogeza roboti kando, likatazama ukuta. Nikawa nasikia tu. Nikasikia, "Innalillahi."

Jumatano, 22 Mei
Amezikwa adhuhuri. Sikwenda. Zahanati niko peke yangu. Nimechanja watoto. Najichukia.

Jumamosi, 25 Mei
Neema kapiga simu kutoka msibani, nikamweleza nilivyomsomea Dk. Mbwana, akampa simu mjane wake. Sauti ya mama mtu mzima, imechoka. Akauliza, "Mwanangu, aliifuatisha shahada?"

Nilitaka kusema ndiyo.

Nikamwambia, "Mama, kamera ile haiinami. Niliona viatu vyake tu."

Akasema, "Basi ulikuwa naye."

Nikaitikia. Sijui kama ni kweli.

Mvua imeanza. Nimeanua nguo. Nimepika ubwabwa, nikala kidogo.