Wahiba, Mke wa Awadh wa Tandika

Mwaka umekatika, Wahiba, tangu ututoke, na nyumba yako haijatulia hata siku moja. Ulianguka asubuhi na kikombe cha chai mkononi, jioni tukawa tunaulizana habari za sanda. Hukutupa nafasi ya kukuaga, wewe ambaye hukuweza kwenda kununua chumvi bila kurudi mlangoni na neno la kuongezea.

Tuanze na habari za mumeo, maana ndizo ungeziuliza kwanza. Awadh hakai. Anafungua duka lake la misumari na rangi, hajauza hata kopo analifunga, anazunguka hadi Mtoni, anarudi, analifungua tena. Kitanda kakihamishia sebuleni, kisha kakirudisha chumbani. Mwanenu Aiman akimwambia, "Baba, kaa basi unywe chai," anakaa; ukigeuka tu, kashasimama. Mie dada yako Rumaisa nilidhani ni huzuni, na huzuni ina haki yake. Kumbe kulikuwa na jambo limemkaa kooni kama mwiba wa samaki tangu siku ya maziko.

Nchi nzima inakujua kwa jina la Bi Tashtiti wa kwenye televisheni. Sie tunakujua tangu ukijificha nyuma ya pazia la duka la baba, ukiwaigiza wateja mmoja mmoja, na baba anafoka, "Wahiba, utatufukuzia riziki!" huku anajifuta machozi ya kicheko. Ukajiunga na kikundi cha maigizo Mwananyamala, mkizunguka viwanja vya shule kuwahimiza watu wafukie madimbwi. Uliigiza mbu, Wahiba! Mbu mwenye maringo, na watoto walikushangilia kuliko daktari aliyekuja kukuua.

Ulipoitwa kwenye televisheni, wazee wa ukoo walinuna. Binti wa Kiarabu, mke wa mtu, aende kugombana na mume wa kuigiza mbele ya macho ya watu? Awadh ndiye aliyewajibu. "Mke wangu yuko kazini," alisema. "Anayeona vibaya azime." Na kila kipindi kilipoanza alikuwa wa kwanza kukaa mkekani, akikutania: "Mwanamke huyu ana mdomo! Mumewe anamvumiliaje?" Wewe unamtupia mto.

Maneno yako hukuyakariri kwa kukaa na karatasi. Ulikwenda sokoni Tandika ukamwanzishia mzozo muuza dagaa, ukayamwaga yote, na akicheka ulijua yamekubali. Kisha kwa kumwonea haya ulinunua mafungu mawili. Tulikuwaga na dagaa humu ndani mpaka paka wakasusa.

Kazini ulipeleka visheti, ukawalisha wabeba kamera kabla ya wakubwa. Alipoletwa yule binti Felicitas, akitetemeka mpaka maneno yanamtoka mawili mawili, ulimvalisha kanga yako ukamwambia, "Ukiogopa nigombeze mimi. Mie nimezoea." Leo anasimama mwenyewe, na anasimama vizuri.

Sasa lile la maziko. Tulikuwa tumelimeza, lakini wewe hukupenda mambo ya kumezwa. Eliaichi, mumeo wa kwenye televisheni, alikuja na suti nyeusi, macho mekundu. Watu walikuwa wengi, hawajui nani ni nani ila yule wanayemwona kila wiki. Wakapanga mstari mbele yake. "Pole kwa mkeo, baba." "Pole, umebaki peke yako." Awadh alikuwa ametoka kaburini, kanzu ina udongo, anangoja kushikwa mkono. Kijana mmoja akamgusa bega kwa adabu zote: "Shikamoo mzee. Tupishe kidogo, mume wa marehemu apite." Awadh akapisha. Ee Mola, alipisha!

 Tangu siku ile jina la Eliaichi likitajwa alitoka nje, na Eliaichi alipopiga simu haikupokelewa.

Mambo yangekwenda hivyo hivyo kama wenye kipindi wasingemwozesha Eliaichi mke mwingine. Wakampa Felicitas. Loo! Mji ukawaka. "Hata mwaka haujaisha, mwanaume hana haya!" Mama mmoja wa samaki Ubungo alimwagia Eliaichi maji ya beseni. Felicitas akaitwa mwizi wa waume na watu ambao hawajawahi hata kumsalimu. Watazamaji wakasusa kweli kweli, na wakubwa wa kituo wakasema hasira zisipotulia, kipindi kinafutwa. Kazi yako yote, Wahiba, na mkate wa wale uliowalisha visheti.

Ndipo Eliaichi akaja dukani. Mie na Aiman tulikuwepo, nimemletea shemeji chakula.

"Hodi, kaka Awadh."

"Misumari au rangi?"

"Nimekuja kwako, kaka. Sili, silali. Watu wananiona msaliti. Wewe ndiye mwenye mke, ukisema neno moja watakusikia."

Awadh akacheka kicheko kibaya. "Leo ndiyo mimi mwenye mke? Siku ya maziko nilikuwa nani? Pole zangu zote ulizipokea wewe. Nilirudi nyumbani mkono mtupu."

Eliaichi akainamisha kichwa. "Walinishika mkono, kaka. Ningewaambia mimi si mumewe, pale, wakati jeneza halijapoa? Wangesema nimemkana. Na mimi nilikuwa nalia kweli. Nimegombana na yule mwanamke kuliko nilivyogombana na mtu yeyote duniani."

Awadh akageukia makopo ya rangi, akawa anayapanga yaliyokwisha kupangwa. Nikajua anatafuta mlango wa kutokea. Eliaichi akamzunguka, akasimama mbele yake, akanyoosha mkono.

"Basi zichukue. Ni zako."

"Nini?"

"Pole. Ninazo zote kichwani, si ndiyo kazi yangu?" Akamshika mkono, akabadilisha sauti, ikawa ya mama mtu mzima. "'Mimi natoka Segerea, baba. Mwanangu hakucheka tangu baba yake afe. Mkeo ndiye aliyemchekesha. Pole sana.'" Akauachia mkono, akaushika upya, sauti ikawa nzito. "'Mzee, mimi dereva wa lori. Nikifika Ubungo nilikuwa naegesha nimwangalie kupitia dirisha la duka la watu. Pole, mzee wangu.'" Akaushika tena, sasa bibi kizee asiye na meno: "'Mkeo alikuwa mkorofi, Mungu ampe kheri. Sasa nitamsuta nani?'"

Awadh akakaa juu ya mfuko wa saruji. Alikaa, Wahiba. Na mkono hakuutoa. Eliaichi akaendelea, pole moja baada ya nyingine, za wauza vitumbua, za walimu, za yule yule kijana wa "tupishe kidogo." Mumeo akalia mpaka mteja aliyetaka kufuli akaniuliza kwa kunong'ona kama kuna mtu kadhulumiwa. Nikamwambia hapana, analipwa.

Zilipokwisha, Awadh alijifuta uso kwa kofia yake. "Aiman," akamwita mwanao, "lete simu yako uturekodi."

Hakuandaa maneno. Alisema: "Mimi ni Awadh wa Tandika. Mume wa Wahiba ni mie. Huyu bwana alimlilia marehemu kweli, nami ni shahidi yake, basi mwacheni aoe huko kwenye televisheni. Na Felicitas kafundwa na Wahiba mwenyewe. Anayemtukana ajue anamtukana nani. Na kama kuna mtu kabaki na pole, duka langu liko wazi."

Aiman akaisambaza mitandaoni, nao wakaja. Kutoka Pugu, kutoka Kinondoni, mpaka yule mama wa samaki. Wengine kwa haya walinunua misumari wasiyo na haja nayo. Awadh aliwapokea wote kwa mkono wake, na kipindi kinaendelea. Usidhani amepoa kabisa. Bado kuna siku analifunga duka bila sababu, nasi tunamwacha.

Hitma yako itasomwa nyumbani kwako Tandika, Ijumaa hii baada ya Alasiri. Wote mnaomkumbuka mnakaribishwa, mtakula.

Unakumbukwa na mumeo Awadh, mwanao Aiman, dada yako Rumaisa, Felicitas uliyemfunda, majirani wa mtaani na muuza dagaa wako. Tulipomsomea Awadh majina haya akasema, "Mbona Eliaichi hayupo?" Tukamwuliza tumwandike kama nani, maana si ndugu, na mume ni Awadh mwenyewe. Akafikiri. Kisha akasema, "Mwandikeni baada yangu. Andikeni: mfiwa."

Na Eliaichi, mfiwa.

Maadamu tupo, Wahiba, hutasahauliwa.